Mwenye Kuanguka

Siku ya kuhama, Kavira ndiye aliyebeba godoro la wazazi wake. Kamba ilikosekana, basi akatoa mkanda wake wa judo, ule wa kahawia, akalifunga godoro na kuupitisha mkanda kwenye paji la uso, kama mama zetu wanavyobeba kuni na mihogo kutoka Vuhovi. Mtu akibeba hivyo hawezi kuinuka peke yake. Ni lazima mwenzake amshikie mzigo kwa nyuma. Mama yake, Mariette, ndiye aliyemwinua, na binti akapanda na mzigo kutoka Rughenda mpaka Vulengera akiimba wimbo wa kwaya.

"We Kavira!" majirani walimtania. "Ule mukanda si ulisema ni ya kuangusha batu?"

"Leo iko naangusha umasikini," akajibu, na wote wakacheka.

Alikuwa na haki ya kuimba. Tangu vita iingie Kirumba na wao kukimbia, familia ya Syauswa ilikuwa ikilala katika chumba kimoja huko Rughenda, karibu na uwanja wa ndege: baba, mama, kijana wao Mumbere na mdogo wake Kavira. Bati lilikuwa limetoboka kiasi kwamba mvua ikinyesha, masufuria yalipewa nafasi ya kulala na watu wakasimama pembeni. Sasa Mungu amewakumbuka. Gracien, muuza saruji na mabati, amewapa annexe nyuma ya nyumba yake huko Vulengera, vyumba viwili, sakafu ya saruji, na kodi hakuna. Syauswa alisema Gracien ni mtu wa Mungu. Watu wa Mungu Butembo tunao, tena wengi, lakini wanaotoa nyumba bure mimi bado sijakutana nao, na mtu mwenye macho makali kidogo angeuliza. Kavira hakuuliza. Alipiga deki sakafu ile mara mbili kwa furaha, akatoka nje kuangalia bati jipya, akarudi akapiga tena.

*

Kavira alikuwa na kitu kimoja tu duniani ambacho kilikuwa chake, nacho ni kuanguka.

Kata ya judo si vita. Ni watu wawili wanaoonyesha mitupo ileile, kwa mpango uleule, kuume kisha kushoto, mbele ya waamuzi wanaochungulia kila kidole kama shangazi wanaokagua mbuzi wa mahari. Mmoja anatupa, mwingine anaanguka. Watu wakitazama humsifu anayetupa, kwa sababu hawajui kitu. Anayeanguka ndiye anayefanya kazi. Yeye ndiye anayeshambulia, anayejitoa, anayeruka, na akiruka vibaya, mtupaji anaonekana mjinga. Kwa miaka miwili Mumbere alikuwa akitupa na Kavira akianguka, katika depo la zamani la kahawa ambako klabu yao ilikuwa imetandika bashi, turubai la lori, juu ya unga wa mbao. Katikati ya depo ilisimama nguzo ambayo hakuna aliyethubutu kuikata, maana paa lote lilikuwa limeikalia. Mabega ya Kavira yalikuwa na alama za mshono wa bashi ile. Alizionyesha kwa majivuno, kama wengine wanavyoonyesha viatu vipya.

Mwaka huu mashindano ya Beni yalikuwa na uzito wake. Jozi ya kwanza ingekwenda Kinshasa, kwa ndege. Kavira alikuwa amelala kando ya uwanja wa ndege tangu wakimbie Kirumba, ndege ndogo zikipita juu ya masufuria yake, na hajawahi kukanyaga ngazi ya hata moja.

Basi Mumbere alipomwita nyuma ya jiko, siku chache tu baada ya kuhamia Vulengera, hakufikiri vibaya.

"Leki, mudogo yangu, niko na habari ya mubaya," Mumbere alisema. Alikuwa anaangalia makaa. "Ku Beni balikatala."

"Balikatala nini?"

"Mwanaume na mwanamuke pamoja. Mixte. Fédération ilisema ni banaume peke yabo, ao banamuke peke yabo. Sasa nitaenda na Abdias."

"Abdias ya Papa Gracien?" Kavira alicheka kwa mshangao. "Ule hajue hata kuanguka!"

"Donc umufundishe."

Kavira alilia mchana ule wote, tena bila kujificha. Mama yake alimpitia mara mbili akienda kuchota maji, na mara zote mbili hakusema kitu, jambo ambalo si tabia ya Mariette, mwanamke anayeweza kusemesha hata kuku. Jioni Kavira alinawa uso. Sheria ni sheria, alijiambia, nani anagombana na fédération? Na yule si mtu baki, ni yaya yake, kaka yake wa damu. Yaya akienda Kinshasa ni kama amekwenda yeye.

*

Abdias hakuwa kijana mbaya. Baba yake alikuwa amemnunulia, yeye na klabu nzima, magodoro ya kweli ya judo, mabuluu, yakatandikwa kwenye bohari la saruji, na huko Kavira akaanza kumtengeneza.

"Hapana kungojea akutupe," alimwambia. "Ukingojea, umeisha kuchelewa. Unajitoa wewe mwenyewe, kabla mukono yake ikuvute."

"Nikijitoa na yeye hakunivuta?"

"Atakuvuta. Ni yaya. Umuaminie."

Kavira alisimama mahali pa mtupaji na kumtupa Abdias mpaka kijana akaacha kufumba macho. Alimpa kila kitu. Jinsi ya kupiga mkono chini ili mgongo usiumie, jinsi ya kuinuka bila haraka, hata ile pumzi fupi ya kabla ya kuruka, ambayo hakuna aliyemfundisha yeye. Yule aliyetarajia kwamba msichana angeficha mawili matatu kwa wivu hamjui Kavira.

Siku moja, wakipumzika, Abdias alimpa chupa ya maji na kumshukuru, "Wasingya sana, Kavira. Mutu mwingine hangetoa place yake hivi."

"Sikutoa. Ni sheria."

Abdias alimtazama, kisha akamgeukia Mumbere. Mumbere alikuwa ameinama, anafunga mkanda uliokuwa umefungwa tayari. Kavira aliliona hilo kwa macho yake mawili na halikumwambia chochote. Ukimpenda mtu, hata akikukanyaga utasema kiatu chake ni kikubwa.

Lilibaki jambo dogo. Abdias akitupwa na Kavira aliruka vizuri pande zote. Akitupwa na Mumbere, upande wa kushoto ulikuwa unakataa. Alianguka karibu mno, kama gunia lililoteleza begani. Mwalimu wao, Maître Phinées, alikunja midomo na kusema itakuja.

*

"Wewe ubakie," Mariette alisema usiku wa kuamkia safari. "Barabara ni mubaya."

"Mama, nani atamupigia yaya mikono?"

"Nitamupigia mimi."

"Wewe hujue hata kama ameshinda ao ameshindwa. Naenda."

Akaenda, kwa nauli aliyoipata mwenyewe akiuza maandazi. Basi dogo liliondoka asubuhi, Mariette katikati ya watoto wake na ndoo ya chakula magotini. Pale Maboya askari waliwashusha wote, wakapita kizuizi kwa miguu, vitambulisho mkononi, wakapanda tena. Kavira alikuwa amemshikilia kaka yake kimono, nyeupe, aliyoifua na kuipiga pasi ya makaa, na alipoteremka aliinua juu ya kichwa isiguswe na vumbi. Ya kwake mwenyewe ilikuwa chini ya mfuko, chini ya vitambaa vya kitenge. Hakujua kwa nini ameibeba.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Klabu zilikuwa zimetoka Beni penyewe, Butembo, Oicha, hata Bunia. Gracien alikuwa ameketi mbele, kwenye kiti cha plastiki chenye mikono, viatu vyake vinang'aa. Mariette alichagua nafasi ya nyuma kabisa, karibu na mlango, na kuanza kufungua ndoo kabla hata mtu hajasema ana njaa.

Jozi ya tatu kuitwa ilitoka Oicha. Mmoja alikuwa mwanamume mwenye upara. Mwingine alikuwa mwanamke mnene kidogo, nywele zimesukwa kwa nyuma, mkanda mweusi. Kavira alitabasamu, alidhani yule mama anamsindikiza mwenzake. Halafu wakainamiana. Halafu mwanamke akapiga hatua, akashuka goti moja, na mwanamume mwenye upara akapaa na kutua kwa mlio mmoja safi. Watu wakapiga makofi. Waamuzi wakaandika. Hakuna aliyeinuka kusema kuna kosa.

"Mama," Kavira alisema. "Ule ni mwanamuke."

"Kula, mwana yangu. Tangu asubui haujakula."

"Mama, bale ni mwanaume na mwanamuke. Mixte."

"Kula, maharagi inakuwa baridi."

Watu wote ukumbini walikuwa wanaangalia jukwaa. Mariette peke yake alikuwa anaangalia maharagi. Hapo ndipo Kavira alipojua.

"Ulijua."

"Batu banatuangalia, Kavira."

"Mama. Ulijua?"

Mariette aliweka kijiko chini. "Nilijua."

"Na papa?"

"Papa yako ndiye alienda kwa Maître." Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini ilitoka yote kwa mara moja, kama mtu aliyechoka kuishikilia. "Papa Gracien alikuya Rughenda. Alisema mutoto yake anataka kwenda Kinshasa, na Mumbere ndiye mwenye kujua kutupa. Alisema iko na annexe inakaa bure. Sasa ungefanya nini, wewe? Ile mvua haukuiona? Papa yako alikuwa anakoroma mu kifua kama mutu wa kufa."

"Hamukuniuliza."

"Tuliona namna unapenda ile kitu. Tulisema, huyu atakatala."

"Ningekubali."

Mariette aligeuka kumtazama kwa mara ya kwanza.

"Ningekubali, mama," Kavira alirudia, na sasa machozi yalikuwa yanashuka naye hayafuti. "Mimi nilikuwa nalala wapi? Si palepale? Mungeniita, munikalishe, muniambie, Kavira, maneno iko hivi na hivi. Ningelia siku moja, kiisha ningekubali. Mais mulininyamazia bote batatu. Mulinibebesha godoro niko naimba. Nilifundisha ule mutoto kuanguka na mikono yangu mwenyewe, na mulikuwa munaangalia."

Mariette alifunika sahani ya bintiye kwa nyingine, polepole, akaishika hivyo.

*

Maître Phinées alikuwa upande wa pili, anamkaza Abdias mkanda. Kavira alimvuta pembeni kwa mkono wa shati, jambo ambalo katika klabu yao hakuna mwanafunzi aliyewahi kulifanya.

"Papa yangu alikuambia nini?"

Mwalimu alishtuka. "Juu ya nini?"

"Juu yangu."

"Ah, Kavira... Alisema umepata muchumba. Mutu ya Lubero. Alisema jamaa ya bwana haitake kuona binti yabo anatupwatupwa mbele ya batu."

"Muchumba!" Kavira alicheka, na kilikuwa kicheko kibaya. "Maître, nilikuwa mu ile bohari kila siku, mbele ya macho yako, nafundisha. Haukuona siku moja ya kuniuliza?"

"Nilizania uko na haya. Banamuke mukiwa na muchumba..."

"Sikuwa na haya. Sikuwa najua."

Maître Phinées ni mtu mwema, nani atakataa. Amefundisha nusu ya mji wetu kusimama wima. Lakini alikuwa amepewa magodoro mabuluu kwa klabu yake, na aliyekabidhiwa magodoro kama yale haulizi maswali mengi. Alisema atazungumza na Syauswa wakirudi. Kisha majina yakaitwa, Mumbere na Abdias, akakimbia kwenda kukaa kwenye kiti chake.

Upande wa kuume ulikwenda vizuri. Kushoto, katika mtupo wa kwanza kabisa, Mumbere alirudi nyuma hatua moja, ya pili, ya tatu, akashuka goti na kuvuta, na Abdias akaporomoka mbele yake karibu kuliko ilivyotakiwa, bega moja, goti moja, mkono ukipiga chini baada ya mwili. Mtu mmoja alicheka ukumbini. Kavira, aliyekuwa amesimama ukutani, aliona kosa. Aliliona waziwazi kama unavyoona kitasa cha nyumba uliyozaliwamo, na alishangaa kwamba miaka yote ile hakujua kama lipo.

Walipita kwa tundu la sindano, wa mwisho kati ya jozi zilizoingia fainali. Gracien aliinuka kwenye kiti chake, akamfuata Mumbere mpaka karibu na mlango, palepale alipokuwa ameketi Mariette na ndoo yake.

"Kijana," alisema, bila ukali wowote, na huo ndio ulikuwa ubaya wake. "Mimi na papa yako tulipatana Kinshasa. Hatukupatana kutembea Beni."

"Ndiyo, papa."

"Ile nyumba, kuko batu bengi banaiomba."

"Ndiyo, papa."

Mariette alisikia. Aliinamisha kichwa kama mtu aliyetukanwa sokoni na mdai wake, na Gracien akampita bila salamu, ingawa alikuwa mpangaji wake, au mgeni wake, au sijui tumwite nani.

*

Nyuma ya ukumbi kulikuwa na uwanja mdogo na magodoro machache ya kupasha mwili. Mumbere alimkuta Kavira ameketi pale. Alikuwa amekwisha kuvaa koti la kimono yake na kufunga mkanda wake wa kahawia.

"Mama aliniambia unajua," Mumbere alisema.

Kavira alikaza fundo la mkanda.

"Leki, nilitaka kukuambia. Kila siku nilikuwa nasema kesho. Papa alisema nikusaidie kwa kukudanganya, juu ukweli ingekuumiza zaidi."

"Alisema unisaidie."

"Vile alisema." Alisogea karibu. "Sikiya. Utanikasirikia tukifika nyumbani, nitakubali yote. Mais sasa upande ya kushoto iko inanikatala. Na Abdias kuko kitu inapotea, na sijue ni nini. Anguka mara moja tu. Moya. Nisikie kosa iko wapi."

Kavira aliinuka. Hilo Mumbere hakulitarajia, na kwa dakika ile alifurahi. Usoni kwake palionekana yule kijana wa depo la kahawa. Wakashikana, mkono kwenye mkunjo wa kifua, mkono kwenye kiwiko. Mtupo wa kwanza wa kata unaitwa uki-otoshi. Anayetupa anarudi nyuma, anashuka goti moja, anavuta kwa mikono tu, na mwenzake anapaa juu yake. Ukiutazama utasema ni uchawi.

Mumbere alirudi hatua moja, ya pili, ya tatu. Akashuka goti. Akavuta.

Kavira alisimama.

Akavuta tena, kwa nguvu, mishipa ya shingo imemtoka. Kavira alikuwa ameweka miguu yake chini na kukaa juu ya nyonga zake, na koti lilivutika, yeye hakuvutika. Mumbere alibaki amepiga goti mbele ya dada yake, ameshika nguo.

"Ruka," alisema.

"Siruke."

"Kavira, ruka!"

"Uko naona sasa? Miaka yote ile haujanitupa hata siku moya. Ni mimi nilikuwa najitupa."

Mumbere aliachia koti. Hakuinuka mara moja. Mlangoni Mariette alikuwa amesimama, sahani iliyofunikwa bado mikononi, ameona yote.

Mimi ningenyamaza hapo. Wengi wetu tungenyamaza na kuwaacha wazikwe na kushoto kwao. Lakini Kavira alimtazama mama yake, akaukumbuka ule mkoromo wa baba yake kifuani wakati wa mvua, na hasira aliyokuwa nayo, ambayo ilikuwa kubwa na ya haki, haikutosha kuwatoa watu wale chini ya bati lao jipya.

"Ni nguzo," alisema.

"Nguzo gani?"

"Ya depo ya kahawa. Kushoto ulikuwa naogopa kunipigisha kwa nguzo, ukafupisha hatua ya tatu. Mpaka leo unaifupisha, hata kama hapa hakuna nguzo. Mimi nilikuwa naruka juu ya ile ufupi, baamuzi hawakuona. Hata mimi sikujua. Abdias hajue kuruka hivyo, na haiko kosa yake. Urefushe hatua ya tatu. Ni ile tu."

Mumbere alisimama, akajaribu hatua ile peke yake, akashuka goti, akainuka, akajaribu tena. Macho yake yalifunguka. "Wasingya, leki. Wasingya..."

"Hapana kuniambia wasingya. Nenda, banakuita."

Fainali Kavira hakuitazama. Aliisikia akiwa nje. Kimya, hatua tatu, mlio mmoja safi wa mkono kwenye godoro, na ukumbi mzima ukapiga kelele.

*

Walilala Beni, na kesho yake mchana walikuwa Vulengera. Habari ilikuwa imetangulia kwa simu. Syauswa alikuwa ameweka viti nje, amevaa koti lake la ibada, na chupa za Fanta zilikuwa zimepangwa mlangoni, juu ya sakafu ya saruji. Gracien alikuwa amekwisha kupita kutoa pongezi. Alisema annexe sasa waione kama yao.

"Bana yangu!" Syauswa alimkumbatia Mumbere, medali ikabanwa katikati yao. Kisha akamgeukia binti yake na mikono yake ikapoteza njia. Mariette alikuwa amemwambia kwa simu. "Kavira. Mama yako aliniambia vile ulisaidia yaya yako. Mungu akubariki."

"Papa, muchumba yangu ya Lubero anaitwa nani?"

Syauswa aliinama kupanga upya chupa za Fanta.

"Nilitaka tu kujua jina," Kavira alisema, akaingia ndani.

Walimsikia akivuta vitu. Alipotoka alikuwa na godoro lake, lile jembamba, limekunjwa, na nguo zake katikati. Mkanda wa kahawia ulikuwa umelizunguka.

"Unaenda wapi?" Syauswa aliuliza.

"Rughenda. Kwa Mama Nadège, jirani yetu ya zamani. Nilimupigia simu, iko na nafasi pembeni ya kitanda."

"Mu ile nyumba? Kule kunanyesha!"

"Najua. Nilikaa huko."

"Kavira, mwana yangu, tulifanya hivi juu ya familia. Na wewe uko ndani ya familia. Nyumba hii ni ya wewe pia."

"Nyumba hii nimeilipa mara mbili, papa. Mara ya kwanza hamukuniambia. Ya pili nililipa mwenyewe, juu musilale inje. Mulale muzuri." Sauti yake haikupanda. "Mimi siwezi kulala hapa. Kila nikifumba macho nawasikia munanyamaza."

Mumbere alikuwa amevua medali. Aliinyoosha kwake, utepe ukining'inia, kama mtu anayerudisha kitu alichookota. Kavira aliinama kidogo, mikono ubavuni, jinsi kata inavyotaka mwishoni, akarudi nyuma hatua moja, na medali ikabaki mkononi mwa mwenyewe.

Kisha akachuchumaa chini, akaupandisha mkanda kwenye paji la uso, akajaribu kuinuka. Hakuweza. Godoro lilikuwa jepesi, lakini mzigo wa namna ile, mwepesi au mzito, mtu hainuki nao peke yake. Hakuna aliyesogea. Fanta zilikuwa zinatoa povu kwenye glasi.

"Mama," Kavira alisema. "Uniinue."

"Siwezi," Mariette alisema. Alikuwa analia. "Hapana kuniomba ile."

"Siku ya kukuya hapa uliniinua."

Mariette aliweka glasi yake chini. Alimzunguka bintiye kwa nyuma, akaingiza mikono miwili chini ya godoro na kusukuma, na Kavira akasimama. Kwa kitambo mama hakuliachia godoro. Halafu akaliachia.

Kavira alitoka langoni, akashika njia ya kushuka Rughenda, mkanda umemkaza paji la uso. Majirani walewale walikuwa nje, na mmoja akamwita kwa utani kama siku ile. Aliwapungia mkono akapita. Safari hii hakuimba.